Ua la Mzee Kesho

Sisi tuliokulia Mandawa siku zile trekta za karanga zikinguruma huko Nachingwea, tulijua jambo moja bila kufundishwa: kitu kilichopandwa uani sharti kiliwe. Kama si muhogo, basi mbaazi. Kama si mbaazi, basi kisamvu. Wajukuu zangu wananiuliza, "Bibi, hamkuwa na bustani?" Tulikuwa nayo, tukaila yote.

Yote isipokuwa kichaka kimoja, cha baba yangu.

Baba alifanya kazi miaka miwili Nachingwea, akimwagilia maua ya Mzungu mmoja. Kazi ilipopungua, wenzake walirudi na mablanketi, masufuria, na mmoja na baiskeli. Baba alirudi na kijiti kimefungwa kwenye gunia bichi. Mama alikitazama, akakigeuza, akauliza, "Kinaliwa wapi, majani au mizizi?"

"Hakiliwi," Baba akasema. "Kinachanua. Maua mengine yakishakauka yote, hiki ndiyo kwanza kinaanza."

Mama alirudi jikoni, na usiku ule ugali ulikuwa mgumu kama mchi.

Kijiti kikashika. Kikawa kichaka cha kunifika kifuani, kijani kibichi, kimenenepa kwa maji tuliyobeba kichwani kutoka visima vya bondeni. Lakini ua? Hata moja. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kila aliyeuliza, Baba alijibu kwa upole, "Kesho." Jirani yetu, Bibi Somoe, alikuwa Mmakua na mtani wa baba, na mtani hakosi jambo. Akambatiza Mzee Kesho. Kila asubuhi akipita kwenda shambani alisimama mbele ya uwanja wetu: "Mzee Kesho, hodi! Leo bado ni leo?" Wanaume kwenye bao wakalidaka jina, watoto wakalidaka kwa wanaume. Tukicheza kombolela nikakamatwa, walikuwa wakiimba, "Mtoto wa Kesho, njoo kesho!"

Nilivumilia mpaka siku ile ya shule. Mkaguzi alikuwa anakuja, na mwalimu alitaka maua ya kuweka mezani. Akanitazama mimi. "Esha, nasikia baba yako ana bustani kama ya Nachingwea. Lete maua." Ningesema nini? Enzi zetu mwalimu hakuambiwa hapana, si kama hawa wa leo wanaojibizana na mwalimu kama muuza samaki. Asubuhi nikaleta matawi matatu ya majani matupu. Darasa zima lilicheka hadi vibao vya kuandikia vikaanguka. Mkaguzi naye, nilimwona, aliuma mdomo.

Nilirudi nyumbani macho hayaoni njia. Mama na Baba walikuwa shambani. Nikachukua panga, nikakata kile kichaka tawi kwa tawi, kikabaki visiki vya kunifika gotini. Matawi nikayatupa ng'ambo ya ua, nikajilaza mkekani nikijifanya ninaumwa kichwa.

Bahati mbaya, au niliiona nzuri wakati ule, mbuzi wa Bibi Somoe aliyevunjika pembe aliingia uani na kuanza kutafuna majani yaliyosalia. Mama akamkuta hapo hapo. Kelele zake zilifika hadi msikitini. Bibi Somoe, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kuomba radhi tangu azaliwe, alikuja kwetu jioni ameinamisha kichwa, amebeba bakuli la ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini mfano wa viazi. Akaiweka mbele ya Baba. "Mtani, mbuzi wangu kanifedhehesha. Nilikuwa natania tu, sikutaka kiangamie."

Mama akatugawia. Ninyi mlioonja ming'oko ya kusini mnajua utamu wake. Mimi siku ile niliila kama ninatafuna mchanga, kwa kuwa nilikuwa ninakula radhi ya kosa langu mwenyewe.

Kesho yake Baba akaniita kwenye kichaka. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama. Alipitisha kidole juu ya kisiki.

"Mama, umewahi kumwona mbuzi anayekata mshazari, safi namna hii?"

Nilitaka kusema mbuzi wa Kimakua wana akili, lakini kilio kilinitangulia. Nikamweleza yote, shule, mkaguzi na vicheko. Nikangoja fimbo. Baba akasema, "Kumbe jina langu lilikuwa linakuuma wewe kuliko mimi." Akanishika mkono, tukaenda kwa Bibi Somoe nikaseme kwa mdomo wangu.

Bibi Somoe akanisikiliza mpaka mwisho. Akamwita mbuzi wake, akampapasa. Kisha akapiga kofi pajani: "Basi nirudishieni ming'oko yangu!"

Adhabu yangu ikawa kukimwagilia kile kichaka kila jioni, peke yangu.

"Mpaka lini, Baba?"

"Mpaka kesho," akasema, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia kucheka.

Visiki vikachipua. Kila palipokatwa pakatoka vitawi vitatu, vinne. Kiangazi kikakaza, mikorosho ikaanza kutoa maua, majani ya njiani yakawa rangi ya vumbi. Ndipo asubuhi moja tukasikia Bibi Somoe anapiga vigelegele uwanjani kama kuna harusi. Tukatoka mbio. Kichaka kimechanua chote, maua meupe yenye moyo mwekundu, hata majani huyaoni.

Baba aliingia ndani, akatoka na kanzu yake ya Idi, akaweka kigoda mbele ya kichaka, akaketi mpaka adhuhuri akiitikia salamu. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani. Mama, yule wa "kinaliwa wapi", alichuma ua moja akalichomeka chini ya ushungi, akadhani hatumwoni.

Siku hizi naishi Ruangwa mjini, kwenye nyumba ambayo mwanangu ameizungushia ukuta. Wajukuu wananunua maua yaliyokwisha kuchanua, wanayapiga picha, yakinyauka wanatupa na kopo lake. Hawana makosa, wana haraka zao. Kinachonisumbua ni ukuta. Upande wa pili anaishi jirani, nasikia anapofua, nasikia anapokohoa. Mwaka wa tatu sasa. Hajawahi kunitania hata siku moja, na mimi sijui jina lake.