Kiraka Kilichofunga Mlima

Haya ninayoyaandika hakuna atakayeyaamini, na sitamlaumu mtu. Mimi mwenyewe, niliyeona baadhi kwa macho yangu na mengine nikayasikia kwa masikio yasiyodanganyika, kuna asubuhi huamka nikajishika paji la uso nione kama si homa. Lakini mwanamke mwenyewe yupo, karakana yake ipo, na mlima upo palepale, umejinyamazia kama mtu aliyekula cha mwenzake.

Wanamwita Fundi. Jina analo, alipewa na mama yake, ambaye ni dada yangu, ila limeota kutu kwa kutotumika. Ana miaka arobaini na mmoja, mikono ya mpiga zege, na sauti ndogo ambayo wateja huinama ili waipate. Kazi yake ni baiskeli. Karakana ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, katikati ya kinyozi na duka la misumari. Ukiingia, kushoto kuna beseni la maji ya kutafutia pancha, kulia tyubu zimetundikwa ukutani, na katikati yupo yeye, amekaa juu ya kreti la soda. Ufundi huo alifundishwa na mjomba wake, yaani mimi, ambaye enzi zangu niliziba pancha hata gizani. Yeye husema nilichomfundisha ni kujaza upepo tu. Mtoto umleavyo.

Ana desturi moja. Kila kiraka anachobandika, anakiandika tarehe kwa kalamu ya wino, herufi ndogo kama za daktari. Miaka kumi na mmoja hajawahi kurudishiwa kiraka. Hilo alikuwa halisemi, lakini mtaa mzima ulikuwa unalijua, na mtu akitaka kumsifu mchumba kwamba hang'oki, alikuwa akisema huyo ni kiraka cha Fundi.

Baiskeli nyingi zilitoka kwa mama mmoja mwenye ofisi ya kutembeza wageni. Tumwite Bosi, maana ndivyo anavyopenda, na miwani yake ya jua hukaa kichwani hata mvua ikinyesha. Ana baiskeli thelathini za mlimani, zile zenye matairi manene ya meno, na wageni wake huzunguka nazo ule mlima wa moto ulio nyuma ya mji, nusu wakipanda, nusu wakizibeba begani. Fundi alikuwa hajawahi kufika huko hata siku moja. Mlima aliujua kwa uchafu unaoingia kwenye gurudumu: vumbi jekundu la chini, tope la msituni, na ule mchanga mweusi wa juu unaosaga meno ya mnyororo.

Basi, Jumatatu moja zikarudi tyubu tatu, viraka vimebanduka. Jumanne zikarudi tano. Jumatano zikarudi tisa.

Fundi alikaa na tyubu moja mapajani, akasoma tarehe, akaigeuza, akasoma tena. Kinyozi alichungulia mlangoni akauliza nani amefariki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Fundi kuona upande wa chini wa kiraka chake mwenyewe.

Alizitandaza zote sakafuni. Gundi ilikuwa ya kopo lilelile. Akaenda hadi kwa muuza mikate, ambaye tyubu yake ilizibwa siku hiyohiyo kwa gundi hiyohiyo, akamwomba amfungulie gurudumu. Kiraka alikivuta kwa koleo. Koleo lilikata mpira, kiraka kikabaki. Akambadilishia tyubu nzima bure, akaomba radhi, akarudi karakanani.

Bosi alikuja jioni hiyo. Alieleza kwa kirefu jinsi wageni wawili walivyokokota baiskeli kilomita saba, na jinsi fundi wa mtaa wa pili alivyokwishapita ofisini kujitambulisha, ana mashine na ana kadi ya biashara. Kisha akashusha sauti.

“Dada Fundi, kwa heshima zote. Gundi imezeeka, au wewe ndiye umechoka?”

Swali hilo lilimwingia Fundi mahali ambapo kiraka hakifiki. Akasema apewe mpaka Jumamosi, na kesho yake aruhusiwe kwenda na msafara aone baiskeli zinafanywa nini. Bosi akakubali: ikifika Jumamosi bila jibu, baiskeli zote thelathini zinahama. Mjomba alijitolea kumsindikiza, ila goti langu siku hiyo lilikuwa na shughuli nyingine.

Msafara uliongozwa na mtu wa makamo aitwaye Mbuzi, kwa sababu hupanda mawe bila kushika. Wageni walikuwa sita. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mlima siku ya tatu mfululizo, jua hakuna, na Fundi alivaa koti la marehemu baba yake. Kwenye njia nyekundu alijua ndani ya dakika kumi kwa nini breki za nyuma huletwa zimekwisha na za mbele mpya: wageni wanaogopa kushika za mbele. Msituni mizizi ilimtupa mara mbili. Mbuzi akamuuliza kama baiskeli hii imetengenezwa na fundi mzuri kweli.

Halafu miti ikaisha, ghafla, kama vile mtu alikuwa akiipanda akachoka.

Mtu ameishi chini ya mlima miaka arobaini na mmoja, anautazama kila asubuhi anapopiga mswaki, na hakujua. Mbele yake bonde zima lilikuwa limejaa jiwe jeusi lililowahi kutiririka. Lilikuwa limejikunja mikunjo mikunjo likagandia hapohapo, na hata mikunjo iliyokuwa mbioni kuteremka ilisimama katikati ya mwendo. Walibeba baiskeli begani. Chini ya viatu kulilia kama wanakanyaga sahani. Mbuzi alimwonyesha tundu la duara ndani ya jiwe, akamwambia hapo palikuwa na mti. Moto uliuzingira, mti ukaungua, jiwe likabaki na umbo lake. Fundi aliingiza mkono mpaka begani akagusa ndani, ambako alama za magome ya mti zilikuwa bado zipo. Akautoa mkono polepole, akautazama. Tangu hapo hakucheka mzaha wowote.

Saa sita wakafika Uwanjani. Ndivyo waongozaji wanavyopaita: bakuli la mchanga mweusi, tambarare, limezungukwa na mawe makubwa. Utaratibu ni mmoja miaka yote. Baiskeli hulazwa ubavu mchangani, zimepangwa safu, na wageni hupanda juu ya mawe kula mikate yao wakitazama kinywa cha mlima. Wanakaa saa nzima.

Fundi hakula. Alikaa karibu na baiskeli kama mtu anayeuguza. Akachoka, akaegemea mkono mchangani. Akauondoa. Akaurudisha.

“Mbuzi, huu mchanga una joto.”

Mbuzi alimjibu huku anatafuna kwamba mchanga mweusi hunywa jua, hata watoto wanajua hilo.

“Jua lipi?”

Mbuzi akatazama juu. Ukungu ulikuwa mzito hata kinywa cha mlima hakionekani. Siku tatu.

“Fundi, bwana,” akasema Mbuzi, “kiraka kimekushinda, sasa unausingizia mlima.”

Wageni, bila kuelewa neno, walicheka kwa adabu. Fundi alitoa vyuma vyake viwili bapa vya kutolea tairi, akachimba. Shimo lilipofika shubiri moja na nusu, vyuma vilikuwa havishikiki. Kwenye mfuko alikuwa na tyubu ya akiba, kiraka chake cha juzi kimeng'ang'ania vizuri. Akaizika, akafukia, akachuchumaa. Akahesabu dakika kumi. Alipoifukua kwa ncha za vidole, pembe moja ya kiraka iliinuka yenyewe, kisha ya pili, kisha kiraka chote kikateleza kikadondoka mchangani, na tarehe yake juu.

Mbuzi alishuka kwenye jiwe. Alivua kiatu, akavua na soksi, akautia mguu shimoni, na ulitoka upesi kuliko ulivyoingia. Mtu huyu alikuwa amekula chakula cha mchana mahali hapo miaka tisa. Uso wake uligeuka jivu. Akatazama mawe, akatazama wageni walioketi juu yake, mmoja ananing'iniza miguu.

“Shukeni,” akasema taratibu. “Tunaondoka. Msikimbie.”

Akakimbia wa kwanza.

Kituo cha kupimia mlima ni nyumba ndogo yenye milingoti, na ndani yupo mpimaji mmoja mwenye sweta, na mashine inayochora mstari. Mstari ulikuwa umenyooka. Fundi akaweka kiraka mezani, akaeleza. Mpimaji alimsikiliza kwa heshima, akasema katika masomo yake yote hajawahi kuletewa ushahidi wa namna hii. Akakiri pia, baada ya kuulizwa mara mbili, kwamba vifaa vyake vimefukiwa upande wa pili wa mlima, kwa sababu upande huo ndio wenye barabara.

Ijumaa akapanda na kipimajoto kirefu kama fimbo ya kutembelea. Akakichomeka. Nyuzi tisini na nne. Akakitoa, akakitikisa, akakichomeka tena. Tisini na sita. Akaketi chini kutafakari, kisha akakumbuka ameketi wapi, akasimama. Kabla ya jioni njia ilifungwa kwa kamba na kibao.

Sasa mtadhani Fundi alibebwa juu juu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mji ulicheka mpaka ukakohoa. Ati mlima umefungwa na kiraka! Waongozaji waliokosa kazi hawakucheka, waliacha kumsalimia tu. Jumamosi Bosi akaja na lori, akapakia baiskeli zake zote zilizokuwa karakanani, na tyubu zake ukutani akazitungua moja moja.

“Umeokoa jina lako,” akamwambia, “umeua kazi yangu. Na kazi yako, kama hukuliona hilo.”

Fundi alikuwa ameliona. Alikuwa ameliona tangu kule Uwanjani, akiwa amechuchumaa, kabla hata ya kufukua tyubu. Aliwahi kuniambia kwamba katika zile dakika kumi aliomba kiraka kishike. Kikishika, basi gundi ni mbovu, yeye ni fundi mbaya, na watu wote wataendelea kula mikate yao salama. Aliomba awe fundi mbaya.

Ukuta ukabaki misumari mitupu. Alikuwa na baiskeli moja ya muuza mikate na kigurudumu cha mtoto. Bosi aliandika barua kwa wakubwa wa mpimaji, na wakubwa wakaahidi kuja Jumanne kuifungua njia.

Jumapili adhuhuri ukasikika mshindo, si mkubwa, kama mlango mzito umefungwa chini ya ardhi. Vikombe vikagongana kabatini. Mbuzi, ambaye alikuwa pale kwenye kamba akizozana na watu waliotaka kupita, aliona moshi mweupe umesimama wima. Walipofika mpimaji na wenzake, Uwanja haukuwepo. Palikuwa na shimo ambamo ungeweza kuitumbukiza shule ya msingi na kengele yake, mvuke unatoka, na yale mawe makubwa ya kukalia yalikuwa yameingia humo yote.

Bosi alikuja Jumatatu asubuhi, kichwani hana miwani. Fundi alimwachia kreti. Bosi alikaa akitazama beseni.

“Jumapili nilikuwa na wageni kumi na wawili wa kwenda huko,” akasema. “Kumi na wawili, dada. Nilikulaani siku nzima kwa ajili yao.”

Fundi akatoka nje, akamjazia upepo tairi la gari lake.

Baiskeli zimerudi. Njia sasa ni ile ya upande wa baridi, ndefu na yenye vilima vya kukutoa roho, na mpimaji amefukia vifaa pande zote. Lakini waongozaji hawaviamini vifaa. Hakuna njia mpya inayokanyagwa mpaka Fundi ametangulia na baiskeli yake, amezika tyubu, ameketi dakika kumi na kufukua. Jina lake limekuwa zito hata fundi wa mtaa wa pili humletea pancha zilizomshinda, akipitia mlango wa kinyozi ili asionekane.

Lakini ile Jumapili yenyewe wengi huisimulia vibaya, na mjomba wake lazima ainyooshe. Watu husema hakukuwa na mtu kule juu. Waongo. Fundi alikuwa palepale Uwanjani, peke yake, amekwenda kuhakikisha, na ardhi ilipoanza kupasuka nyuma yake alirukia baiskeli, moto unamlamba tairi la nyuma, akaliona korongo la mita arobaini mbele, hakushika breki ya nyuma wala ya mbele, akaruka, na akiwa hewani akageuza shingo akamwona—

“Mjomba, nilikuwa nyumbani nafua. Andika nilikuwa nafua.”