Mteja Wangu wa Kila Mchana

Subira ilinishinda pale meneja wa kampuni moja ya mtaa wa Wadi Kabir aliponambia tena, "Dada, hatutaki viyoyozi." Nikamkatia simu.

Hawataki vipi? Ofisini kwetu Qurum tuna programu inayotuonyesha kampuni gani imefungua tovuti yetu, hata kama mtu hakuacha jina. Kampuni yake ilikuwa ikiifungua kila mchana! Na mimi ndo kwanza nimerudi kutoka likizo ya uzazi, sijauza hata kiyoyozi kimoja, bosi keshaanza kunitazama vibaya. Nikaona huyu ananifanyia makusudi.

Nikamwandikia mkuu wake: watu wako wanatuchezea, kila mchana wanaifungua tovuti yetu, nataka mhusika aitwe aulizwe.

Wallahi akaitwa. Jioni ikalia simu ya Zuwena, mke wa kaka yangu. Hata sikujua kama kahamia kampuni ile.

"Wifi, umenishtaki?"

"Nikushtaki wewe? Kwa lipi?"

"Si wewe ulotuma sauti kwenye grupu la familia, kila mtu aifungue tovuti yenu kila siku, mpate wageni wengi? Mimi nikimaliza kula tu, naifungua. Kaka yako alisahau siku ya pili. Mtiifu nimebaki mimi, na mimi ndo naitwa kwa mkuu!"

Asubuhi nikapeleka malalamiko rasmi kwa mkuu yule yule, kwa hasira ile ile, nikimlalamikia mtu mmoja tu: mimi mwenyewe, kwa kumsumbua meneja wake na kumshtaki mfanyakazi asiye na kosa. Nakala nikampa bosi wangu.