Hodi ya Fundi Viatu

Tangu aokoke, mikono ya fundi viatu haitetemeki. Uzi unapita tundu la sindano mara moja. Kila jioni anabisha hodi kwa mama yake taratibu, kama mgeni. Mama huyo alimwombea miaka kumi na tisa, na sasa uzee umemwibia kumbukumbu.

"Karibu, baba," humwambia. "Ukimwona mwanangu, yule mlevi, mwambie bado namngoja."

"Nitamwambia, mama."

Juzi yalimshinda. Alitoka nje, akaupiga mlango teke kama zamani, akaingia akiyumba, ilhali hajaonja hata tone la pombe.

Mama akamshika mashavu. "Umerudi, mwanangu. Lala. Kesho nitaomba tena, uzaliwe upya."

"Amina," akaitikia, akajilaza, akamwachia mama amvue viatu.