Kanisa lilinifungisha, daktari akanifungisha, na pombe sikuwa nimeonja

Wakuu, niaje. Hii sikuhadithiwa. Ilinipata miaka ya sabini, na anayebisha nina kovu tumboni la kumwonyesha.

Nilikuwa naishi Kisumu Ndogo, Kibera. Shule niliachia darasa la tano, lakini kila gazeti lililofungiwa omena nililisoma hadi mwisho.

Pombe sijawahi kuonja. Ila kila asubuhi kabla sijala, nilikuwa mlevi. Nayumba, naongea upuzi. Siku moja nilimwomba mbuzi msamaha.

Pasta wetu akaamua ni pepo wa ulevi. "Ndugu, utafunga siku tatu."

Siku ya pili niliihubiria ngoma ya kanisa, nikiiita shemeji. Wakaongeza siku. Landlord naye akanifukuza.

Asubuhi moja nikaondoka tu, bila kujua naenda wapi.

Fahamu zilinirudia Gatina, Kawangware, ndani ya banda la kuku. Mwenye ploti, Mama Njeri, alikuwa akininywesha chai iliyojaa sukari.

Akaninusa mdomo. "Hunuki pombe. Sasa wewe unalewa na nini?"

"Sijui, mathe. Na mbona niko na kuku?"

"Umewaambia wewe ni kanjo, askari wa jiji. Umewaitisha leseni."

Akanipeleka hospitali mwenyewe.

Daktari alisikiliza yote, akasema, "Tutakulaza. Usile kitu."

Nikacheka. "Hata wewe, daktari?"

Tofauti ni kwamba yeye alipima damu. Nilipoanza kumpigia nesi saluti, sukari mwilini ilikuwa karibu kuisha. Akanieleza kwamba kwenye kongosho kuna uvimbe adimu unaomwaga insulini bila breki, na insulini ndiyo inamaliza sukari, ubongo unabaki kama umelewa.

Vipimo vya picha vya siku hizo havikuuona. Daktari wa upasuaji akanifungua, akapapasa kwa vidole, akaukuta. Mdogo kama punje ya maharagwe. Akautoa.

Pasta alikuja wodini kuomba hiyo punje akaionyeshe waumini. Akanyimwa.

Nilipotoka nilienda kwa Mama Njeri kuomba chumba.

"Sipangishi walevi. Lala jikoni, kesho tutaona."

Asubuhi akaniamsha, kikombe mkononi. "Kabla hujaonja kitu, tembea mpaka kwa kuku, urudi."

Nikaenda. Nikarudi nimenyooka.

"Wewe ni nani?"

"Otieno. Sina kazi ya kanjo."

Akanipa ufunguo, kisha chai. Haikuwa na sukari hata kidogo. Niliimaliza yote.

Wakuu, mtu akiyumba, mnuseni kwanza kabla ya kumwombea. Nani mwingine hapa amewahi kuitwa mlevi bure? Tuambieni.