Pampu ya Kubipu

Mtu akitaka kuniambia kwamba pampu ya kubipu ilibuniwa na mhandisi wa Dar es Salaam, aniambie nikiwa nimekaa, maana nikiwa nimesimama sijui nitamfanya nini. Ile pampu niliitengeneza mimi, uani kwangu, Old Korogwe, nikiwa na mimba, miguu imevimba, na mama mkwe ananitazama kama mtu aliyepandwa na mashetani.

Mimi ni mzaliwa wa Handeni, Korogwe nimeolewa. Handeni tulikokulia maji ni ya kusaka. Kwa hiyo nilipofika ukweni nikakuta Mto Pangani unapita nyuma ya bustani za watu, na watu haohao bamia zao zimenyauka, nilikasirika. Maji hayo hapo, mnayatazama tu?

“Mto una mamba, mwanangu,” mama mkwe akanijibu. “Wewe uliyechoka kuishi nenda kawashe pampu asubuhi.”

Pampu ilikuwepo, ya mafuta, ya kuvuta kamba, imekaa ukingoni kabisa. Kuiwasha lazima ushuke pale chini, uiname, umpe mto mgongo. Mamba alishamchukua mbwa wetu palepale. Tangu hapo kila mtu alikuwa na sababu ya kutokwenda: huyu kiuno, yule ana mgeni, mwingine ghafla anakumbuka kuswali sunna ambayo hajawahi kuiswali maishani mwake.

Sasa mimi kazi yangu ni ufundi simu. Nina kibanda Masuguru, na vitochi vibovu ninavyo tele, vile visimu vya vitufe ambavyo watu huleta kutengenezwa wasirudi. Nikatafuta injini ya pikipiki chakavu, ile inayowaka kwa stata, nikaifunga kwenye pampu. Kisha nikakifungua kitochi, nikazichukua zile waya za kukitetemesha kinapoita, nikaziunganisha na rilei ya honi ya gari, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo, na rilei nikaipeleka kwenye stata. Ukipiga, simu inaita, stata inazungusha injini. Ukisikia imeshika, unakata. Kitochi cha pili, chenye namba yake, kazi yake ni kuzima. Hakuna anayepokea, kwa hiyo salio lako haliguswi. Unabipu tu umekaa barazani, maji yanapanda.

Siku ya kwanza iliyowaka nilipiga kigelegele peke yangu. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza nani kaolewa.

Haikukosa vituko. Ijumaa moja, wanaume wako msikitini, watu wa matangazo ya simu wakaipigia pampu wakitaka kuiuzia milio ya nyimbo. Pampu haina habari na milio ya nyimbo, ikawaka. Jirani alitoka kuswali akakuta nyanya zake zinaogelea. Maneno aliyoniambia siyaandiki hapa, na mtu ametoka kuswali! Nikakaa na kile kitochi mpaka nikapata njia ya kukifanya kisiitikie namba yoyote isipokuwa zilizohifadhiwa ndani yake. Hapo ndipo penye ubunifu wenyewe. Kupiga simu ikawasha kitu, wengi wanaweza. Pampu inayojua watu wake ni yangu mimi.

Kwetu Handeni, chombo kipya hakiwi chako mpaka watu wamekilia wali. Baba yangu aliponunua mashine ya kukoboa, siku ya kwanza alikoboa mahindi ya majirani, ya kwetu yakabaki kwenye gunia. Nami nikafanya hivyohivyo. Nikamwita shehe, mama mkwe akapika ubwabwa sufuria kubwa, dua ikasomwa kwenye pampu, na mtaa mzima ukapanga foleni: “Mama, niingizie namba.” Nikawaingiza. Kila mmoja akabipu mara moja, ili ajue mkono wake umekubaliwa. Namba mbili za pampu nikaziandika kwa rangi nyeupe kwenye pipa, kubwa, anayepita barabarani azisome.

Mgeni mmoja alikuja baada ya hapo, kijana kutoka Dar es Salaam, akasema anatembelea wakulima wa mbogamboga. Aliniamkia vizuri, shikamoo mama, akakaa mkekani, akala. Akauliza, nikamwonyesha, hadi namba yake nikaiingiza abipu. Nilimweleza mpaka rangi za waya. Akapiga picha. Watu hadi leo wananiambia nilikosea. Nilikosea nini? Mgeni kakaa kwangu, kauliza chombo kinafanyaje kazi, nimfiche? Aliyekosea anajulikana, na si mimi.

Akarudi, miaka imepita, amevaa shati la kampuni. Safari hii hakukaa mkekani. Aliniita ofisi ya serikali ya mtaa akasema kampuni yao ina hataza, yaani sheria imewatambua kuwa ndio wabunifu, na mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza wala kutumia bila idhini yao. Kubuni nini? “Mtambo wa kuwasha pampu ya shamba kwa simu isiyopokelewa, kwa kutambua namba zilizoruhusiwa.” Akasema pampu yangu izimwe, na nyingine nilizokuwa nimeshawatengenezea watu nazo zing'olewe.

“Ebo!” nikamwambia. “Wewe si ulikula ubwabwa wangu?”

Akasema, “Mama, hayo ni mambo mengine.”

Nilikwenda kwa mwanasheria pale mjini, dada mmoja mwenye sauti ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: siku ya dua walikuwepo watu? Nikamjibu mtaa mzima, na wapita njia. Akavua miwani. Akanieleza kwamba hataza hupewa kitu kipya, kisichojulikana na watu. Kama pampu ilikuwa hadharani kabla wao hawajaomba, hataza yao inaweza kufutwa. “Ila mama yangu,” akasema, “na wewe hutaipata. Kwa sababu hiyohiyo. Ulishaianika.”

Sijui kama umewahi kuambiwa mlango wa adui yako ukifungwa na wako unafungwa. Nililia palepale kwenye kiti cha watu. Nilikuwa naitaka ile hataza, nisidanganye. Nilitaka jina langu, la baba yangu na babu yangu, liandikwe serikalini kwamba huyu mwanamke wa Handeni alibuni mashine.

Kampuni ikasikia kwamba nimepata mwanasheria, na kwamba ameshaomba hataza yao ifutwe. Kijana akaja tena, safari hii mpole, na shikamoo imerudi. Wataniandika na mimi kwenye hataza, jina langu kando ya lake, mbunifu mwenza. Sharti ni moja: niseme pampu ilikuwa ya majaribio, imefichwa uani, na ile dua ilikuwa ya mimba yangu tu. Na majirani? Majirani wataomba idhini, kama wengine wote.

Mume wangu alikubali mara moja. “Jina lako, mke wangu! Serikalini! Ulikuwa unataka nini kingine?” Na alikuwa na haki, nilikuwa sitaki kingine. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikifagia najitamkia moyoni, mbunifu mwenza, mbunifu mwenza, na neno lenyewe tamu.

Mama mkwe hakuzunguka. Alikuja kibandani kwangu Masuguru, mahali asipokanyaga, akasimama mlangoni. “Wali ule nilipika mimi,” akasema. “Moshi ukaniingia macho. Sasa unataka niende nikaseme nilimpikia nani, mizimu?” Akageuka akaenda zake. Mwe! Yule mama akikasirika hata kuku wanahama.

Tukaitwa Dar es Salaam kusikilizwa. Chumba kina baridi ya mashine, mimi na ushungi wangu, kijana na suti yake, na afisa mmoja wa hataza mezani. Afisa akaniuliza kama ni kweli pampu ilikuwa siri ya nyumbani. Kijana alinitazama kwa upole kabisa, akaitikia kidogo kwa kichwa, kunisaidia kusema ndiyo.

“Haikuwa siri hata siku moja,” nikasema. “Mtaa mzima wa kwetu ulibipu. Huyu mwenyewe alibipu, akacheka kama mtoto. Niiteni mwongo, nitawaletea mtaa.”

Nje kwenye korido kijana akanifuata. “Mama, umejinyima mwenyewe.”

“Najua,” nikamwambia. “Na wewe nimekunyima.”

Hataza ikafutwa. Nikadhani nitafurahi, na nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na mchanga ndani. Sasa kila fundi anatengeneza. Wengine wanafunga waya ovyo, nikipita nawagombeza, wananiuliza mama wewe unajua nini.

Juzi nilipanda Kwashemshi kwenye msiba. Nyuma ya nyumba ya wafiwa kuna kijito, na kwenye kijito pampu, na kwenye pampu vitochi viwili ndani ya kopo la rangi. Mke wa mwenye nyumba, binti mdogo tu, aliniona nimesimama nakodoa macho, akanionea huruma.

“Usiogope, bibi,” akasema. “Hailipuki. Lete simu yako nikuingize namba, halafu unabipu tu. Ni kitu cha Wachina.”

“Si cha Wachina,” nikamwambia. “Nimekitengeneza mimi.”

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikangoja amalize, kisha nikamwambia tena.