Siku godoro la nesi lilipotoka nje

Saa mbili asubuhi, foleni ya kina mama imeshazunguka kona ya zahanati. Mizani imening'inizwa kwenye boriti ya kibaraza. Ndani ya mfuko wake wa kitambaa anabembea mtoto wa miezi saba, analia kama aliyedhulumiwa shamba, na nesi hana habari naye.

"Kilo nane kasoro," anamwambia. "Na mashavu yote hayo bado unalalamika?"

Benchi zima linaangua kicheko.

Hapa wanamwita Mama Mizani. Ukikutana naye njiani umebeba mwanao, atauliza uzito kwanza, salamu baadaye. Ndiye nesi pekee kwa vijiji vitatu, watu kama elfu nne, na hospitali ya karibu iko kilomita thelathini na nane.

Leo kuna watoto sitini na mmoja. Anawapima huku akitaniana na mama zao, na ukimtazama huwezi kuamini kwamba mwaka jana alikuwa na fomu ya uhamisho kwenye droo, imejazwa yote, imebaki sahihi tu.

"Nilikuwa nimechoka, sikufichi," anasema. "Siyo kazi, kazi naipenda. Nilichoka kumzalisha mtu, halafu nishike ndoo nikateke maji ya kumwogeshea mtoto. Paa linavuja, mume yuko mjini, namwona mara moja kwa miezi miwili. Nikasema basi, sehemu yangu nimeifanya."

Fomu ilitakiwa kufika wilayani Jumatatu. Hakumwambia mtu. Jumamosi asubuhi, kabla hajaitia sahihi, akaona afanye usafi kwanza. Godoro lilikuwa linanuka unyevu kwa sababu ya lile paa, basi akalikokota nje, akalilaza juani juu ya mabenchi mawili, akarudi ndani kufagia.

Maskini, hakujua alichokifanya. Kabla yake walipita manesi wanne katika miaka sita, na safari ya kila mmoja ilianza hivyo hivyo: godoro nje, kisha kamba, kisha gari. Mmoja aliaga kuwa anakwenda harusini. Tangu hapo watu wa hapa hawasikilizi maneno ya nesi, wanatazama godoro lake.

Wa kwanza kuliona alikuwa bibi jirani, ambaye ua wake unapakana na wa nesi. Alikuwa anachambua maharage. Anasimulia kwamba aliyaacha hapo hapo kwa kuku, akapita nyumba hadi nyumba miguu mitupu, na umri ule.

Nusu saa haikuisha, uwanja ulishajaa wanawake thelathini na ushei. Mama Mizani akatoka na fagio mkononi, akawakuta kimya kama wako msibani. Akauliza nani anaumwa.

Ndipo bibi jirani akaenda akalikalia godoro, katikati kabisa.

"Mwanangu, ukilifunga kamba, unifunge na mimi," akamwambia. "Ila kwanza tuambie tumekukosea nini."

Angeweza kujibu kwamba anaanika tu, wakacheka, yakaisha. Lakini fomu ilikuwa kwenye droo, na Mama Mizani uongo haumkai mdomoni. Akaweka fagio chini, akawaeleza yote: maji, paa, upweke, fomu. Alipomaliza alikuwa analia, na wenzake hawakuwa na hali bora.

"Tuliona aibu," anasema bibi jirani. "Miaka mitatu tunazalia mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kuuliza maji yanatoka wapi. Tulidhani analetewa na serikali."

Wakapanga zamu ya maji pale pale, kisha wakaomba karatasi ya kuandikia majina. Nesi akaingia ndani, akafungua droo. Karatasi ilikuwa moja tu. Anasema aliisoma upya kuanzia juu hadi chini. Halafu akaigeuza, akatoka nayo, akaanza kuandika majina mgongoni mwake.

Sasa imebandikwa kwenye ukuta wa zahanati, majina yakitazama watu. Ndoo nane zinafika kila asubuhi. Wanaume nao, kwa haya, walipanda juu ya paa wiki ile ile.

Mumewe, ambaye ni seremala, alipokuja kulitazama paa hilo alilaumu kila msumari, akabaki wiki mbili kulirekebisha. Mara ya pili alikuja na randa na misumeno yake yote.

"Nilifuata mbao mbili za paa," anasema mume huyo, "sasa nina madawati arobaini ya shule yananisubiri."

Mwezi ujao anakuja nesi wa pili, binti aliyetoka chuoni juzi tu. Kitanda chake kimeshachongwa, na ndoo zake zimeshaingizwa kwenye zamu. Mama Mizani anataka wakiwa wawili waanze kuwafuata wajawazito wa vijiji vya mbali majumbani mwao, jambo ambalo peke yake hakuliweza.

Mtoto wa mwisho anashushwa kwenye mizani. Kabla kina mama hawajatawanyika, nesi anapiga makofi mawili na kutoa tangazo ambalo siku hizi hakosi kulitoa.

"Kesho naanika godoro. Naanika tu, jioni linarudi ndani. Na mwezi ujao mtayaona mawili, msije mkakimbia."

"Tumekusikia," anajibu bibi jirani kutoka benchi la nyuma. "Lakini jioni nitapita kulitazama likiingia."