Gari la Watu

Wajukuu wangu walirudi jana kutoka Marsabit, wasafi utadhani walikwenda dukani tu. Waliondoka hapa Riruta asubuhi, wakapita lami mwanzo mwisho, na jioni walikuwa wakila mbuzi huko mlimani. Walinionyesha picha za ziwa lililozungukwa na msitu. Niliziangalia kwa adabu, kisha nikasema kichwa kinaniuma. Wewe sitakuficha: nina kinyongo na kaskazini.

Baba alikuwa dereva wa Mhindi mmoja mwenye duka katikati ya jiji, aliyekuwa akipeleka watalii kaskazini kwa Landrova miezi ya kiangazi. Enzi hizo, ukifika kizuizi cha Isiolo, magari yalisubiriana yaende kwa msafara kwa kuwaogopa mashifta, majambazi wenye bunduki wa huko. Baba akirudi, vumbi lilikuwa limemwingia hadi kwenye kope. Mama alimtilia maji moto kwenye karai, nasi tukapekua mfuko wake tukitafuta nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Nyumba ilinukia siku kadhaa, na majirani wakapata visingizio vya kuja kuomba chumvi.

Adui wetu alikuwa masika. Huko kuna laga, mito ya mchanga mkavu yenye miti ya kivuli kizuri. Mvua ikinyesha milimani mbali, maji hushuka ghafla. "Kule mto unakuja na jua likiwaka," baba alikuwa akisema. Kwa hiyo kila Machi mama alisimama mlangoni akikodolea macho mawingu ya Ngong, kana kwamba yangemwambia habari za Marsabit. Alichotaka ni kimoja tu: mumewe awe nyumbani kabla ya Pasaka.

Pasaka ile alikuja Mhindi mwenyewe, na viatu vyake vya mjini katika matope yetu, akifuatana na dereva mwingine. Dereva ndiye aliyesimulia. Wageni waling'ang'ania kula chakula kwenye kivuli cha laga. Baba akasikia ngurumo ya maji kabla ya wote, akawapandisha ukingoni mmoja mmoja, kisha akageuka kulifuata gari.

"Nilimwambia wachana nayo," dereva alisema. "Akaniambia, hii ni gari ya watu."

"Gari imepatikana, mama," Mhindi alisema, macho chini. "Bwana yako bado tunatafuta."

Walimtafuta hadi mvua zikaisha, wasimwone. Gari likaoshwa, likapakwa rangi. Nililiona mjini nje ya duka, mtu mwingine ameshika usukani, nikalichukia kama mtu anavyomchukia binadamu.

Kwetu magharibi, mtu asiyepatikana huzikiwa shina la mgomba badala ya mwili wake. Mama alikataa katakata. "Nikizika mgomba, akirudi ataingia nyumba ya nani?" Wazee walimsema, wakachoka. Nyanya, mama yake baba, hakugombana naye. Alimjia jikoni akaketi, akamwambia, "Mtoto wangu ananyeshewa." Neno hilo ndilo lililomshinda mama. Alitoa sandukuni koti la baba la kanisani, akalivisha lile shina kwa mikono yake, akafunga vifungo vyote hadi cha juu.

Boma lile la magharibi tulikozika sasa ni shamba la miwa. Nyanya hayupo, wazee hawapo, na vijana wa leo ukiwaambia tulizika mgomba wanacheka, kisha wanaona aibu. Mama aliishi miaka mingi. Hakuwahi kusema anakwenda kwenye kaburi la baba. Akishika jembe kwenda kulipalilia, alisema anakwenda kuangalia koti.

Alipofariki tulimlaza hapo kando, kama desturi inavyotaka. Watu walisema sasa amepumzika na mumewe. Mimi nililia kuliko wote, kwa sababu nilijua tunamwacha peke yake.